Mti Mmoja, Udongo Mbalimbali: Upimaji wa Metali Nzito katika Dawa za Miti Shamba

Katika viunga vya Mbezi Beach, Wilaya ya Kinondoni, mwarobaini ni mti wa kawaida. Huota kando ya barabara ya Bagamoyo, hupandwa mbele ya nyumba kwa ajili ya kivuli, na huonekana nyuma ya kuta za viwanja vinavyoelekea baharini. Wataalamu wa mimea huuita Azadirachta indica. Jina lake la Kiswahili limetokana na imani kwamba hutibu maradhi arobaini. Mtoto akishikwa na homa, au akitokwa na upele, si ajabu mtu wa nyumbani kutoka nje na kukata tawi la mti ulio karibu zaidi. Mchumaji huhakikisha kwamba mti huo ni mwarobaini kweli. Ni mara chache hujiuliza mti wenyewe umesimama wapi.

Hata hivyo, mahali ulipo mti ni jambo kubwa. Miarobaini miwili ya umri mmoja, iliyotokana na mbegu za mti mmoja, yaweza kutoa majani yenye ladha ile ile na rangi ile ile, lakini majani ya mmoja yakawa na risasi mara nyingi zaidi kuliko ya mwenzake. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, hainusiki, wala haitambuliwi kwa ulimi. Hugunduliwa kwa vipimo vya maabara tu. Makala haya yanaeleza jinsi vipimo hivyo vinavyofanywa, na jinsi majibu yake yanavyopaswa kueleweka.

Metali nzito ni nini

Metali nzito, ambazo watu wengi huziita madini mazito, ni jina la jumla la metali kama vile risasi, kadimi, zebaki, shaba na zinki. Aseniki nayo huhesabiwa pamoja nazo kwa sababu ya sumu yake, ingawa si metali kamili. Miongoni mwa hizo, shaba na zinki huhitajiwa na mwili kwa kiasi kidogo, na hudhuru zinapozidi. Risasi, kadimi na zebaki hazina kazi yoyote inayojulikana katika mwili wa binadamu.

Metali hizi zina sifa moja inayozitofautisha na uchafu mwingine. Vijidudu hufa maji yanapochemka, na dawa nyingi za kuua wadudu huoza baada ya muda. Risasi haifi wala haiozi, kwa kuwa ni elementi. Kuchemsha majani kwa saa nzima hakuwezi kuiharibu, wala jua haliiunguzi. Majani yanapokaushwa hupoteza maji tu, na metali hubaki pale pale. Kwa hiyo gramu moja ya unga wa majani makavu huwa na metali nyingi zaidi kuliko gramu moja ya majani mabichi ya mti ule ule.

Ndani ya mwili, risasi hufuata njia za kalisi na kujificha katika mifupa kwa miaka mingi. Mama anapokuwa mjamzito, mifupa yake hutoa kalisi kwa ajili ya mtoto, na risasi iliyohifadhiwa humo yaweza kutoka pamoja nayo. Kwa watoto wadogo, risasi hudhuru ubongo unaokua na kupunguza uwezo wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kadimi, kwa upande wake, hukusanyika katika figo na huweza kukaa humo kwa miaka kati ya 10 na 30. Huko Japani, wakazi wa bonde la mto Jinzu, mkoani Toyama, walikula kwa miaka mingi mchele uliomwagiliwa maji yenye kadimi kutoka migodini. Wengi wao walidhoofika mifupa na kupata maumivu makali, na mwaka 1968 serikali ya nchi hiyo ilitambua rasmi kwamba maradhi hayo yalisababishwa na kadimi.

Kutokana na hayo, ni rahisi kuona kwa nini uzoefu wa vizazi vingi hautoshi katika jambo hili. Mganga mzoefu hujua mzizi unaotapisha, gome linaloharisha, na dawa asiyopewa mama mwenye mimba. Maarifa hayo yalipatikana kwa sababu madhara yake yalionekana siku ile ile au wiki ile ile. Dhara linalojikusanya kidogo kidogo, na kujitokeza baada ya miaka kumi katika figo au katika masomo ya mtoto, halikuweza kuhusishwa na kikombe cha dawa kilichonywewa zamani. Tena, mababu waliochuma dawa porini hawakuwa na gereji wala betri za magari karibu na miti yao.

Njia zinazopitiwa na metali

Metali nzito huingia katika dawa za miti shamba kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni udongo. Mizizi hufyonza maji pamoja na chumvichumvi zilizoyeyuka humo, na haina uwezo kamili wa kuchagua. Kadimi husafiri kwa urahisi kutoka mizizini hadi majanini, hasa katika udongo wenye asidi. Risasi hushikamana sana na udongo, na sehemu kubwa ya ile inayofyonzwa hubaki mizizini. Kwa sababu hiyo dawa ya mzizi na dawa ya jani, hata zikitoka katika mmea mmoja, hazifai kuhukumiwa kwa kipimo kimoja.

Njia ya pili ni vumbi. Petroli iliyotiwa risasi ilitumika kwa miongo mingi, na moshi wake ukatua kandokando ya barabara. Mwaka 2001, katika mkutano uliofanyika Dakar, nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana kuiacha, na ilipofika mwanzo wa mwaka 2006 zilikuwa zimeiacha. Lakini risasi iliyokwisha kutua haikuondoka. Imo katika tabaka la juu la udongo, na hupeperushwa pamoja na vumbi wakati wa kiangazi. Kadhalika, mipira ya magari inapolika hutoa zinki, na breki hutoa shaba. Rangi za zamani za nyumba na mageti zikibanduka, nazo huongeza risasi. Hatari kubwa zaidi ni mahali ambapo betri za magari huvunjwa na risasi yake kuyeyushwa upya.

Njia ya tatu ni maji, hasa pale bustani zinapomwagiliwa kwa maji ya mito inayopokea taka za mji na za viwanda.

Njia ya nne ni utayarishaji wenyewe. Dawa huanikwa kando ya barabara, husagwa katika mashine zenye vyuma vinavyolika, au huchemshwa katika vyombo visivyofaa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu masufuria yaliyosubiwa kwa vyuma chakavu nchini Kamerun ulionyesha kwamba vyombo vya namna hiyo huweza kutoa risasi katika chakula. Dawa inayotiwa ndimu au ukwaju huongeza uwezekano huo, kwa kuwa asidi huyeyusha metali.

Ushahidi wa mboga za Dar es Salaam

Katika jiji la Dar es Salaam jambo hili si la kubuni. Mwaka 1999 ulichapishwa uchunguzi wa mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Wachunguzi walipima risasi, kadimi, shaba na zinki katika mboga zinazoliwa kila siku, zikiwemo mchicha, majani ya kunde na majani ya maboga. Baadhi ya sampuli zilionekana kuwa na metali kupita viwango vinavyokubalika kwa chakula.

Mboga si dawa, lakini mzizi wa mmea haujui kama jani litaungwa kwa nazi au litachemshwa na kunywewa. Mlonge, mchaichai, mshubiri na mwarobaini hupata maji yao kutoka katika udongo ule ule na hupokea vumbi lile lile. Tena mboga hununuliwa mbichi na kuoshwa jikoni, lakini unga wa dawa humfikia mnunuzi ukiwa umekwisha kusagwa, na hauwezi kuoshwa tena.

Kazi ya maabara

Upimaji huanza pale mmea unapochumwa. Mchukuaji wa sampuli huandika jina la mmea, sehemu iliyochumwa, tarehe, mahali, na umbali kutoka barabarani. Tawi moja hukaushwa na kuhifadhiwa ili mtaalamu wa mimea athibitishe jina. Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba kuna miarobaini mitatu hapo Mbezi Beach: mmoja kando ya barabara kuu, wa pili katika uwanja wa nyumba ulio mbali na magari, na wa tatu ukutani mwa gereji. Majani ya kila mti hutiwa katika mfuko wake, na kila fungu hugawanywa sehemu mbili. Sehemu moja huoshwa kwa maji safi, na ya pili huachwa kama ilivyo.

Majani hukaushwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 60 hadi 70 za Sentigredi, mpaka uzito wake usipungue tena. Kisha husagwa katika kinu cha kauri, kwa kuwa kinu cha chuma chaweza kuongeza metali. Nusu gramu ya unga hupimwa, ikatiwa asidi ya nitriki, na kupashwa moto polepole mpaka unga wote uyeyuke na kimiminika kiwe cheupe kinachopenya nuru. Asidi huteketeza jani na kuziacha metali. Zebaki huhitaji uangalifu wa pekee kwa sababu hugeuka mvuke upesi, hivyo vyombo vinavyofungwa barabara hutumika. Baadaye kimiminika huongezwa maji yaliyosafishwa mpaka kifikie mililita 50.

Hatua inayofuata hutumia njia ya ufyonzaji wa nuru kwa atomi, ambayo misingi yake ilielezwa mwaka 1955 na mwanasayansi Alan Walsh wa Australia. Kila elementi hufyonza nuru ya urefu wa wimbi ulio wake, kama redio inavyonasa stesheni moja tu katika mita zake. Ili kupima risasi, hutumika taa ambayo ndani yake mna risasi yenyewe, nayo hutoa nuru ya urefu wa nanomita 283.3. Taa ya kadimi hutoa nuru ya nanomita 228.8. Kimiminika hunyunyizwa katika mwali wa gesi ya asetilini, atomi za metali hutawanyika humo, na nuru hupitishwa katikati yake. Kadiri atomi zilivyo nyingi, ndivyo nuru inayofika upande wa pili inavyopungua. Chombo hupima upungufu huo na kuulinganisha na vimiminika ambavyo kiasi chake cha metali kinajulikana.

Kiasi kinachotafutwa ni kidogo mno. Jani lenye miligramu 10 za risasi kwa kilo, likiyeyushwa kwa namna iliyoelezwa, hutoa kimiminika chenye miligramu 0.1 tu kwa lita. Kwa kadimi ya miligramu 0.3 kwa kilo, kimiminika huwa na miligramu 0.003 kwa lita, kiasi kinachokaribia mwisho wa uwezo wa mwali wa gesi. Kwa sababu hiyo maabara nyingi hutumia tanuri dogo la grafiti badala ya mwali, au mitambo mipya zaidi inayohesabu atomi kwa uzito wake.

Katika kazi ya namna hii, vumbi la chumba au chupa isiyooshwa vizuri huweza kuharibu jibu. Chupa zote hulowekwa katika asidi iliyozimuliwa kabla ya kutumiwa. Pamoja na sampuli, mkemia hupitisha katika hatua zote chupa moja isiyotiwa jani lolote. Chupa hiyo ikionyesha risasi, basi risasi hiyo imetoka katika asidi, katika vyombo au katika hewa ya maabara yenyewe. Vilevile hupimwa unga wa majani ambao kiasi chake cha metali kimekwisha kuthibitishwa, ili kuona kama maabara inapata jibu linalostahili. Jibu lisiloandamana na vipimo hivyo viwili halifai kutegemewa, hata likiwa na tarakimu nyingi baada ya nukta.

Faida ya kugawa kila fungu sehemu mbili huonekana mwishoni. Ikiwa majani yaliyooshwa yana risasi kidogo kuliko yasiyooshwa, chanzo kikubwa ni vumbi, na kuosha kwa uangalifu kutasaidia. Ikiwa hakuna tofauti, metali imeingia kwa mizizi, na dawa yake ni kuchuma mahali pengine. Kipimo cha mti mmoja hakimwelezi mwananchi kwamba mwarobaini ni salama au si salama. Humweleza habari za mwarobaini ule, katika udongo ule.

Kiwango na dozi

Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba mimea mikavu ya dawa isizidi miligramu 10 za risasi na miligramu 0.3 za kadimi kwa kila kilo. Kwa maneno mengine, kilo 100 za majani makavu zisiwe na zaidi ya gramu moja ya risasi. Viwango hivi ni msaada mkubwa kwa mkaguzi, lakini huweza kufahamika vibaya. Kiwango kinaeleza kilichomo katika dawa. Hakielezi mgonjwa anakunywa dawa kiasi gani, wala anakunywa kwa siku ngapi.

Hesabu ndogo itaonyesha tofauti. Mtu mzima anayemeza gramu 5 za unga kwa siku, wenye risasi iliyofikia kiwango hicho cha juu, anaingiza mwilini mikrogramu 50 za risasi kila siku. Mtoto akipewa gramu moja tu, anapata mikrogramu 10. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliweka kipimo cha tahadhari cha mikrogramu 2.2 kwa siku kwa watoto, na mikrogramu 8.8 kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, kwa risasi itokanayo na chakula. Kwa hiyo unga uliofaulu mtihani wa maabara waweza kumpa mtoto risasi zaidi ya mara nne ya kipimo hicho, ukitumiwa kila siku. Dawa inayotumiwa siku tatu na dawa inayotumiwa mwaka mzima hazina hatari moja.

Namna ya kutumia nayo hubadili hesabu. Anayemeza unga humeza metali yote iliyomo. Anayechemsha majani na kuyachuja hupata ile tu iliyohamia katika maji, ambayo kwa kawaida ni sehemu ya jumla. Anayejifukiza, kama walivyofanya wengi kwa nyungu katika mwaka 2020 wakati wa maradhi ya korona, hupata mvuke wenye harufu ya mimea, lakini risasi na kadimi hubaki chunguni.

Ikumbukwe pia kwamba dawa iliyofungwa vizuri dukani haina kinga ya pekee. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za asili ya Bara Hindi zilizonunuliwa katika maduka ya Boston na vitongoji vyake. Dawa 14, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya mapishi ya kale ya tiba hiyo hutia metali kwa makusudi.

Sheria na taasisi

Tanzania ina msingi mzuri wa kushughulikia jambo hili. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na baadaye kikawa Taasisi ya Tiba Asili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa mwaka 1979. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliweka Baraza la kusimamia waganga na dawa zao. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo huchunguza sampuli za dawa za asili.

Ugumu mkubwa unatokana na mabadiliko ya biashara. Zamani mganga alichimba dawa kwa mkono wake, na aliweza kumwonyesha mgonjwa kilima au bonde alikoitoa. Siku hizi gunia la majani huweza kupita mikononi mwa mchumaji, mchuuzi, msagaji na mwenye duka kabla halijafika kwa mnywaji, na majani ya miti kumi kutoka mahali kumi huchanganywa humo. Sampuli moja ikipimwa na kufaulu, hakuna ajuaye kama gunia linalofuata limetoka pale pale. Hivyo kumbukumbu ya mahali dawa ilipochumwa ni sehemu ya kipimo chenyewe. Daftari la mchuuzi linaloandika kijiji, tarehe na jina la mchumaji halina gharama kubwa, nalo humwezesha mkemia kupima mahali palipo na mashaka badala ya kupima kila kifuko.

Mambo ya kuzingatia nyumbani

Wakati upimaji haujaenea, mwananchi anaweza kujipunguzia hatari kwa kufuata mambo machache:

1. Dawa isichumwe kando ya barabara kubwa, karibu na gereji, jalala, mahali pa kuvunja betri, au ukuta wenye rangi inayobanduka.

2. Majani na mizizi ioshwe kwa maji safi mara kadhaa kabla ya kukatwa au kusagwa. Mizizi isuguliwe mpaka udongo wote utoke.

3. Dawa isianikwe kando ya barabara wala juu ya mabati yaliyopakwa rangi. Ianikwe juu ya mkeka safi, mbali na vumbi.

4. Dawa yenye ndimu au ukwaju isichemshwe katika sufuria iliyosubiwa kwa vyuma chakavu. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu inafaa zaidi.

5. Mama mjamzito na mtoto mdogo wasipewe unga wa miti shamba kwa muda mrefu bila ushauri wa mtaalamu wa afya. Mtu anayetumia dawa hizo amwambie daktari anapokwenda hospitali.

6. Anayenunua dawa aulize imechumwa wapi. Muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo hajui anachokiuza, hata kama analijua jina la mti.

Mkazi wa Mbezi Beach mwenye mwarobaini uani, mbali na barabara na karakana, ana sababu ya kuuthamini zaidi kuliko ule ulio rahisi kuufikia pale kituo cha basi. Pengine ni hatua mia mbili tu kati ya mti huu na ule, na kila mchumaji anaweza kwenda hatua hizo leo, bila kusubiri majibu ya maabara.